Waipa zimegoma? Kabla hujanunua mota pitia huku kwanza

Kila mwaka hapa Dodoma ni yale yale. Mvua ya kwanza ikishuka, mwezi wa 11 mwishoni au Disemba, unakuta magari kibao barabara ya kwenda Ihumwa yanatambaa na hazadi, huyu waipa zimeganda katikati ya kioo, yule mkono mmoja unapiga mwingine umelala, mwingine zinapiga vizuri tu ila kioo ndo kinazidi kupakwa tope. Kesho yake gereji zinajaa na jibu wanalopewa wengi ni moja, "bosi, hapa mota imekufa". Inaweza ikawa kweli, ila mota mara nyingi ndo ya mwisho kufa kwenye huo mfumo wote, vinatangulia vitu vingine vidogo vya bei ndogo, na hata mota ikifa kweli ujue kuna kitu kimeiua, usipokitafuta na hiyo utakayonunua nayo itaondoka.

Cha kuelewa ni kwamba huku kwetu adui wa waipa ni kiangazi. Mvua yetu ni msimu mmoja, Disemba mpaka Aprili, na hata hapo katikati Februari inaweza ikakata wiki kadhaa, baada ya hapo tangu Mei mpaka Novemba hugusi hiyo swichi. Miezi yote hiyo raba inapigwa jua huku imelalia kioo cha moto, vumbi la Nzuguni na Nala linaingia kwenye vile vishafti vinavyozungusha mikono, grisi inakauka inakuwa ngumu, afu siku mawingu yamefunga unabonyeza swichi unategemea kila kitu kiamke kwa pamoja. Haviamki.

Anza kwa kusikiliza

Mwagia kioo maji kwanza. Hili nasisitiza, usijaribu waipa kioo kikiwa kikavu na kina vumbi, ule mchanga ukiburuzwa na raba unachora mistari ambayo haitoki tena, na usiku lori likija na taa zake mbele yako ndo utajua nilikuwa nasema nini. Afu washa swichi mpaka ON bila kuwasha injini, zima redio na feni, mwambie mtu akae ndani aweke waipa spidi ndogo, we simama karibu na boneti pale chini ya kioo usikilize. Utakutana na moja kati ya haya: kimya kabisa, au mota inanguruma ila mikono haiendi, au mikono inaenda ila kwa tabu. Kila moja ina njia yake, ukizichanganya hapo utafungua gari zima bure.

Kimya kabisa

Nenda kwenye fyuzi. Toyota nyingi hizi tunazotumia, IST, Noah, Premio, Raum na wenzake, boksi la fyuzi moja liko ndani chini ya dashibodi na lingine kwenye boneti karibu na betri. Soma kifuniko, tafuta palipoandikwa WIPER au WIP, kama kifuniko kilishapotea (na kwenye magari yetu haya ya mkono wa pili mara nyingi kimeshapotea) tafuta kwenye kitabu cha gari au mtandaoni kwa modeli yako. Kuwa makini kuna RR WIP, hiyo ni ya waipa ya nyuma, na kuna WASHER ambayo ni ya pampu ya maji. Chomoa uangalie kwenye mwanga, kale kawaya ka ndani kakiwa kamekatika fyuzi imeungua. Weka ya namba ile ile. Rangi zinasaidia: nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano 20, nyeupe 25, kijani 30.

Sasa hapa ndo watu wanaharibu. Fyuzi inaungua, mtu anaweka kubwa zaidi, au anazungushia karatasi ya sigara ile ya kung'aa, au anabana kipande cha waya, waipa zinapiga anafurahi. Fyuzi kazi yake ni kuungua ili waya zisiungue, ukiiziba mdomo moto unahamia kwenye waya zilizopita nyuma ya dashibodi, na hapo hutakuwa unaongelea waipa tena. Ukiweka fyuzi sahihi nayo ikaungua pale pale ukiwasha, basi kuna waya umechubuka unagusa bodi. Ikiungua baada ya waipa kupiga dakika kadhaa, mota inavuta mzigo mzito kuliko uwezo wake, ruka nenda chini huko kwenye "Zinaenda kwa tabu".

Fyuzi nzima na bado kimya? Chomoa soketi ya mota, weka swichi spidi ndogo, pima na testa ya taa au mita upande wa waya zinazotoka kwenye gari. Kuna waya ya spidi ndogo na kuna ya spidi kubwa, zote jaribu kwa kubadilisha swichi. Ukipata volti 12 na kitu kidogo hapo ina maana umeme unafika, tatizo ni mota yenyewe au ethi yake (njia ya kurudisha umeme kwenye bodi ya gari na hasi ya betri). Usipopata kitu, mota haina kosa, rudi nyuma kwenye swichi ya usukani, rilei (kile kiswichi kidogo cha umeme) kama gari lako inayo, na waya. Na waya namaanisha panya. Gari ikilala nje wiki nzima, hasa kama kuna mahindi au karanga zimehifadhiwa jirani, panya wanapanda kwenye boneti kutafuta joto na wanatafuna waya za mota bila huruma. Fungua uangalie kwa macho kabla hujamlipa mtu hela ya kutafuta shoti.

Mota inanguruma, waipa zimelala

Hii ndo rahisi kuliko zote na ndo inayopigwa watu hela nyingi kuliko zote. Mota ikisikika inazunguka, mara nyingi mota ni nzima! Kama mkono mmoja unapiga na mwingine haupigi, nyanyua kifuniko cha plastiki pale kwenye shina la mkono uliolala, chini yake kuna nati, Toyota nyingi ni spana namba 14 na baadhi 12. Mara nyingi imelegea tu, shafti inazunguka ndani ya mkono bila kuushika. Zima swichi, rudisha mkono kwenye nafasi yake, kaza. Ila kabla ya kukaza toa mkono uangalie meno yake ya ndani, mkono mara nyingi ni wa metali laini kuliko shafti kwa hiyo yanayoisha ni meno ya mkono. Yakiwa yamejaa uchafu yasugue na brashi ya waya, yakiwa yamelika kabisa yamekuwa laini basi tafuta mkono mwingine, kukaza kwa nguvu hakusaidii, utapata wiki moja tu.

Kama mikono yote miwili haiendi na mota inanguruma, mara nyingi linki imechomoka. Chini ya lile plastiki kubwa lililopo kati ya boneti na kioo kuna vyuma virefu vinavyounganisha mota na mikono, kila maungio yana kitufe cha mviringo kinachoingia kwenye bushi ya plastiki, na hiyo plastiki kwa jua letu inazeeka inapasuka. Ukiirudisha kwa kubana na plaizi inaingia, unasikia inaita "ta", na kama bushi bado ina uhai inakaa. Kama imepanuka itachomoka tena, na itachagua siku ya mvua kubwa. Wapo wanaofunga na waya ya kubania au raba ya tairi, kwa kufika nyumbani sawa, lakini tafuta bushi au linki nzima.

Tahadhari moja hapa na naomba mnisikie. Kabla hujaingiza mkono kwenye hizo linki, toa terminali hasi ya betri, spana namba 10. Zile linki zina nguvu sana, mtu ndani akigusa swichi bahati mbaya au mota ikaamua kurudi mahali pake pa kupumzika, kidole kinakatika. Funguo ziweke mfukoni kwako, usiziache kwa mtoto.

Zinaenda kwa tabu

Hapa ndo Dodoma yenyewe. Waipa zinapanda taratibu, zinafika juu zinatafakari, zinashuka. Au zinapiga vizuri dakika chache zinasimama, ukisubiri zinaanza zenyewe tena. Hiyo ya kusimama na kurudi inachanganya watu, ila mota nyingi zina kinga ya ndani inayokata umeme ikipata joto kali, ikipoa inarudisha. Kwa hiyo mota inakuambia imelemewa, sio kwamba imekufa.

Pima betri kwanza, injini ikiwa inaunguruma mita isome kama volti 13.5 mpaka 14.5 hivi, ikiwa chini sana una tatizo la chaji na waipa ni dalili tu. Afu ethi. Chukua kipande cha waya nene, upande mmoja shika kwenye bodi ya mota, mwingine kwenye hasi ya betri, mtu awashe waipa. Zikichangamka ghafla umeshapata mchawi, ethi ina kutu au bolti imelegea, sugua na msasa mpaka chuma king'ae, kaza, imeisha hiyo.

Vyote viko sawa? Basi shafti zimekaza, hazizunguki laini. Toa mikono ya waipa (kama imeng'ang'ania mwagia mafuta ya kulegezea kutu, subiri, ichezeshe kushoto kulia, usiitindue na bisibisi utavunja kioo), toa raba ya boneti na klipu za lile plastiki, klipu zikikauka zinavunjika kwa hiyo nunua chache mapema. Ukilitoa utashangaa. Kama unapaki chini ya mwarobaini, na Dodoma hii nani hapaki chini ya mwarobaini, humo ndani kuna majani, vijiti, tope lililokauka, saa ingine kiota. Ondoa yote, na utafute matundu ya kutolea maji pembeni kulia na kushoto, yazibue kwa waya laini afu mwaga maji uone yanatoka chini ya gari. Yakiziba, maji ya mvua yanajaa humo, yanafikia mota, mengine yanaingia kwa feni ya hewa na kushuka ndani, ndo ile unashangaa kapeti ya abiria imelowa na madirisha yalifungwa.

Baada ya hapo chomoa linki kutoka kwenye mota, shika kila shafti uizungushe kwa mkono. Inatakiwa iende laini kwa vidole. Ikigoma, huyo ndo muuaji wa mota yako. Weka mafuta ya kulegezea kutu, zungusha, futa yale maji meusi yanayotoka, weka tena, mpaka iwe laini, afu malizia na grisi. Usiweke oili chafu ya injini uliyomwaga juzi, vumbi linaipenda na baada ya miezi miwili umerudi pale pale. Shafti ikiwa imelika ina mchezo, hapo grisi haikusaidii, badilisha linki. Kazi yote hii ni ya Jumamosi asubuhi moja kama una spana, na mtu wa gereji akikuambia abadilishe mota bila kuchomoa linki na kuzungusha shafti kwa mkono, muulize amejuaje.

Hazizimi, au zinazimikia popote

Ukizima swichi waipa zinatakiwa zishuke zenyewe zilale chini. Ndani ya mota kuna kisahani chenye njia ya umeme kinachoendelea kuipa mota umeme mpaka ifike mahali pake. Kikichafuka au kikilika, zinasimama pale pale ulipozima, au hazizimi kabisa. Baadhi ya mota unaweza kufungua kifuniko, ukasafisha, ukaweka grisi mpya, fundi umeme mzuri anaifanya. Kama spidi zote ziko sawa ila ile ya kupiga na kupumzika ndo haifanyi kazi, angalia swichi ya usukani, kwenye Toyota nyingi kile kinachohesabu muda kiko humo humo kwenye swichi. Zikigoma kuzima kabisa na uko njiani, chomoa fyuzi.

Ikiwa ni mota kweli

Umeme unafika, ethi safi, linki laini, na bado. Igonge taratibu na mpini wa bisibisi huku swichi iko ON, waipa zimewashwa na vidole viko mbali na linki. Ikishtuka ikaanza kuzunguka, kaboni (vile vipande vya ndani vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha, na kaboni zinabadilishwa, hulazimiki kununua mota. Isiposhtuka, nunua. Ukienda duka la spea beba ile ya zamani, linganisha soketi, idadi ya pini, matundu ya bolti, na namba iliyoandikwa juu yake. Za mkono wa pili ziko nyingi na sio mbaya, ila mwambie aijaribu kwenye betri hapo hapo spidi zote mbili kabla hujatoa hela, muuzaji anayekataa achana naye.

Kwenye kufunga kuna kosa ambalo hata mafundi wanalifanya, wanakaza mikono ya waipa kabla mota haijajua mahali pake pa kulala. Funga mota na linki, rudisha betri, washa waipa bila mikono, zima, iache ifike mwisho wake yenyewe, ndo uweke mikono ikiwa imelala chini. Ukienda kinyume zitagonga boneti au zitatoka nje ya kioo. Nzuri zaidi, kabla ya kufungua, weka alama kwa maka peni kwenye kioo mahali mikono ilipokuwa inalala.

Zinapiga ila hazifuti

Raba. Pitisha kidole ukingoni, ikiwa ngumu, imepinda upande mmoja, au inameguka, hakuna dawa, badilisha. Pima ya zamani kwa rula kwa inchi, kila upande peke yake kwa sababu mara nyingi ya dereva ni ndefu, usikubali "hii inaingia tu bosi", ikizidi zitagongana. Ukitoa raba weka taulo nene kwenye kioo, ule mkono una springi na ukikuponyoka bila kitu pale chini unanunua kioo cha mbele. Na ukiwa umenyanyua mikono usifungue boneti.

Raba mpya nayo inaweza ikaruka ruka na kupiga kelele. Angalia kioo, vijana wa kuosha magari wanapuliza ile dawa ya kung'arisha tairi na dashibodi inafika mpaka kwenye kioo, ni mafuta matupu. Osha kwa sabuni ya maji, futa na spiriti. Ikibaki inaruka, mkono wenyewe umepinda, raba inatakiwa isimame wima juu ya kioo, funika na kitambaa uunyooshe kidogo kidogo kwa plaizi.

Maji ya kuoshea kioo ni habari nyingine kwa mji huu. Maji yetu mengi ni ya visima na yana chumvi, unaona yanavyoacha weupe kwenye sufuria, na kwenye vile vitundu vya kurushia ni hivyo hivyo. Pitisha sindano, ila taratibu usipanue tundu, weupe wa kwenye kioo unatoka kwa siki. Kwenye tanki weka maji ya mvua uliyokinga au ya chupa, tone la sabuni ya maji linatosha, sabuni ya unga usiweke, inaganda kwenye pampu. Pampu ikilia na maji hayatoki, mpira umechomoka au umepasuka, fuata njia yake kutoka kwenye tanki mpaka kwenye boneti.

Zikikufia njiani

Umetoka Gairo unakuja huku, au uko Manyoni, mvua imekukamata na waipa zimekata. Usitoe kichwa nje ukaendelea. Toka kabisa nje ya lami, washa hazadi, weka triango. Angalia fyuzi, kama imeungua azima ya kiberiti cha sigara iliyoandikwa CIG, ya 15 mahali pa 20 haina shida kwa muda ila tumia spidi ndogo tu, kubwa kuliko iliyokuwepo usiweke, na za breki na taa usiziguse. Angalia nati za mikono. Madereva wa zamani wanasugua kioo kwa kiazi kibichi kilichokatwa au tumbaku ili maji yateleze, inasaidia kwa manyunyu na mchana, kwa mvua ya usiku usijidanganye, kaa ndani ya gari usubiri. Mvua zetu nyingi ni za ngurumo, zinapiga kwa fujo zikimaliza zinaondoka, kwa hiyo kusubiri huku sio kupoteza usiku mzima.